Donepezili kwa muzee mwenye kusahau: maoni yangu kisha kuitumia mu nyumba yetu, Lubumbashi

Nianze na nyota kabisa: 3 mu 5. Najua kuna benye batasema ni mingi na benye batasema ni kidogo, juu iyi dawa donepezili, ya ugonjwa ya Alzheimer yenye kula akili ya bazee (original yake inaitwaka Aricept), kila muntu anaipima na kile alikuwa anategemea, na apo njo matata yote inaanzia. Kama unainunua ukingojea papa yako arudishe akili ya zamani, akumbuke jina ya bajukuu bote na siku alioa mama, utaipatia zero na utatupa boati mu lupango. Kama unainunua juu muzee akae kwa meza akule bila kusimama kila wakati, ajibu ile swali yenye umemuuliza na si ya jana, apo unaweza kuona kintu.

Papa yetu ni muzee ya Gécamines, kampuni ya madini. Alitumikaka miaka mingi ku usine ya Lubumbashi, pale penye ile shiminé kila muntu anaijua, akatoka na bale ya depar volonter ya 2003, benye balikubali kuacha kazi kwa kupenda. Ni muntu ya hesabu, alikuwa anakumbuka mpaka numero ya matrikile ya bantu ya ekipe yake. Sasa akaanza kuuliza ni saa ngapi, unamuambia, anauliza tena mbele hata ujageuka. Funguo anazificha mu mufuko ya makala. Saa kumi ya usiku anavaa viatu na koti, anasema anachelewa posti ya asubui, zamu yake ya kazi. Familia ikagawanyika, ba tantine banasema ni uzee tu muacheni muzee apumzike, na bengine (sitabataja, beko banasoma apa) banasema kuna muntu alimufanyia kintu, na banajua mpaka jina ya ule jirani.

Neurologu yenye tulienda kumuona hakuandika dawa siku ya kwanza, na ile ilikasirisha sana yaya yetu mwanaume juu konsultasio alikuwa ameilipa kwa dola. Lakini miye ile njo ilinipatia imani naye. Alitaka kwanza damu: tiroidi, vitamini B12, sukari, kaswende, VIH. Akauliza kama papa alianguka na kupiga kichwa, juu kwa bazee damu inaweza kujikusanya polepole ndani ya fuvu na muntu akaonekana amesahau tu. Akatuma ku skana. Akauliza kama analia, kama analala, ginsi alikuwa kisha mama kufa, juu huzuni ya muda murefu kwa muzee inafanana sana na usahaulifu. Akatuomba tumwage mu meza dawa zote zenye papa alikuwa anakunywa, na za asili pia. Yote iyi ni juu kuna magonjwa yenye kuharibu akili na yenye inapona ukiitibu, na hata moja kati yake haiponi na donepezili. Kwa hiyo munganga akikuandikia iyi dawa mu dakika tano bila kupima kintu, chukua ordonansi yako uende kuuliza fasi ingine, ikuwe Sendwe, ikuwe Cliniques Universitaires, ikuwe kwa ba frere ku Guislain.

Sasa dawa yenyewe. Ni ya kampuni Eisai ya Japani, Marekani ikaikubali mu 1996, basi si kintu ya jana. Mbele yake kulikuwa takrini ya 1993, yenye ilikuwa inasumbua ini mpaka ikaachwa. Mu ubongo kuna kintu inaitwa asetilikolini, chembe za ubongo zinaitumia kupelekeana habari, na kuna enzimu yenye kazi yake ni kuivunja. Mu ugonjwa ya Alzheimer chembe zenye kutengeneza asetilikolini zinakufa, ile yenye kubakia inakuwa haba. Donepezili inazuia ile enzimu, basi asetilikolini inakawia kidogo mbele ya kuvunjwa. Ni sawa pipa ya mayi yenye kutoboka chini, dawa inaziba tundu, mayi inakaa, lakini robine ya juu inaendelea kukauka na ku robine dawa haina uwezo. Dokta alituchorea ile pipa ku mugongo ya karatasi na yaya mwanaume akaacha kulalamikia bei ya konsultasio.

Kwa hiyo haisimamishe ugonjwa. Haiponeshe. Mu utafiti, kisha karibu miezi 6, bale benye kunywa donepezili balikuwa mbele ya bale benye kupewa komprime ya bure (yenye haina dawa ndani) kwa karibu pointi 3, mu kipimo ya akili yenye iko na pointi 70. Tatu mu sabini, soma tena. Ni wastani, maana yake kuna muntu anapata zaidi na kuna muntu hapate hata kidogo, na mbele ya kujaribu hakuna mwenye anaweza kukuambia papa yako eko upande gani. Muuzishaji yenye anakuambia ‘iyi itamurudisha’ anataka kuuzisha.

Kuitumia ni rahisi kuliko dawa mingi zenye tunazijua. Unaanza na 5 mg, komprime moja kwa siku, kisha wiki 4 mpaka 6 kama mwili umeikubali dokta anapandisha ku 10 mg. Na chakula ao bila chakula ni mamoja. Inakawia sana mu damu, nusu yake inachukua karibu saa 70 kutoka, basi ukisahau siku moja usilie, unaendelea kesho na komprime moja, usitoe mbili. Kama imekatika siku mingi ni hadisi ingine, usirudilie moja kwa moja ku 10, uliza dokta kwanza, juu tumbo itakuonyesha.

Matata ya kweli kwetu ilikuwa ndoto. Ordonansi ilisema mangaribi mbele ya kulala, na notisi ya mu boati pia inasema vile, sawa, tukafanya vile. Siku kidogo papa akaanza kupiga kelele usiku, anaita bantu ya ekipe yake benye balikufa zamani, anabaambia bakimbie foro (tanuru ya usine) inapasuka, anasimama anashika mulango, jasho inatoka, na ukimugusa anakusukuma juu hakutambue. Ule jirani akaingia tena mu mazungumuzo. Grupu ya maombi ikaya, bamama bakakesha bakiimba mu salo, na nabaheshimu sana, balituletea mpaka mukate na sukari, lakini mama mmoja akasema ile dawa iachwe juu njo inafungulia mapepo mulango. Upande ya dawa alikuwa karibu na kweli kuliko alivyojua! Ndoto kali na usingizi mubaya ni athari ya donepezili yenye kujulikana, imeandikwa mu notisi, ila notisi yetu ilikuwa ya kiingereza na herufi ni ndogo sawa mayai ya chawa, nani ataisoma. Tukapigia dokta, akasema tu komprime ihamie asubui kisha chai. Usiku zikatulia polepole, zingine papa analala mpaka asubui kabisa. Grupu ya maombi ikashukuru Mungu, miye pia nikamushukuru, na komprime ikabakia ya asubui.

Naandika ile kwa urefu juu naona ni mu nyumba ngapi iyi dawa inaachwa njiani juu ya ndoto, ao mubaya zaidi, muzee anapigiwa kelele ya uchawi juu ya kile anasema usiku. Mu mikoa yetu bazee, zaidi bamama, banateswa kwa maneno ya vile. Kama muzee ameanza dawa na tabia yake ya usiku imebadilika, angalia kwanza saa ya komprime.

Tumbo: mwanzoni kichefuchefu, kuhara kidogo, bukari anaisukuma. Kwetu ilipita. Kuna benye haipite na banakonda, na muzee mwenye kukonda ni hatari, kwa hiyo mupimeni kilo, hata ku mizani ya ku soko. Misuli ya miguu inakaza usiku, ile pia ipo.

Moyo njo ya kuangalia sana. Donepezili inaweza kupunguza mapigo ya moyo, muntu anapata kizunguzungu ao anaanguka bila kujua. Dokta alifanya elektro ya moyo mbele ya kuanza juu papa alikuwa anakunywa dawa ya tansio ya jamii ya beta-bloka, na ile pia inapunguza mapigo, basi mbili pamoja zinavuta upande moja. Muzee mwenye asima ao kidonda ya tumbo, sema mbele, usingojee uulizwe. Na dawa za ku kona tunazokunywa bila kufikiri: diclofenac na ibuprofen za mugongo zinaongeza hatari ya tumbo kutoka damu. Prometazini, ile siro ya Phenergan yenye iko mu nyumba mingi juu ya kikohozi na kuwashwa, inafanya kinyume kabisa ya donepezili, unalipa dawa ya kuongeza asetilikolini na jioni unampa siro ya kuizuia, na hata bila donepezili ile siro inaongezea muzee kuchanganyikiwa. Amitriptilini vilevile. Malaria: kinini, na ile yenye tunaita Coartem, zinaweza kugusa mudundo ya moyo, na donepezili pia. Haimaanishi muzee asitibiwe malaria, malaria inaua, ila beba boati ya donepezili umuonyeshe munganga mbele aandike. Na akienda kupasuliwa, ule wa kulaza bantu usingizi ajue, juu dawa fulani za kulegeza misuli zitamushika kuliko kawaida.

Tuliona nini? Dada yangu mukubwa (mwalimu, unajua ginsi beko) mbele ya kuanza alitundika karatasi ku friji na mambo tatu tu: kuvaa peke yake, kukaa kwa meza mpaka chakula inaisha, kutoka inje usiku. Hakuandika ‘kukumbuka’, alikataa. Naona ile karatasi ilitusaidia kuliko konsultasio zingine, juu bila ile kila muntu mu familia anaona kile anataka, mwenye alilipa anaona mabadiliko, mwenye hakulipa haone. Kuvaa: afazali, anahitaji muntu amupangie nguo kitandani lakini vifungo anafunga yeye. Meza: afazali sana. Kutoka usiku: ilipungua, na siwezi kusema ni dawa ao ni kadena mupya ya barza. Kuuliza saa bado anauliza. Miye ananiita jina ya dada yake ya marehemu, na ile haikubadilika hata kidogo. Lakini siku moja alicheza dama na mujukuu, akamuiba pioni akificha chini ya mukono, na mutoto akalia, na shiye tukacheka mpaka machozi juu ile wizi njo papa yetu kabisa.

Kuipata mu Lubumbashi ni kazi. Farmasi ya ku Kenya na Katuba tulizouliza hazikuwa nayo, ku mujini unaipata mara iko mara haiko. Mara mingi ni generiki ya India yenye kupitia Kasumbalesa, ao original yenye muntu anabeba mu valizi kutoka Ulaya na bei yake utaketi chini. Generiki miye sina neno nayo, molekile ni ile ile, lakini nataka boati yenye kufungwa, numero ya lo (ya kundi yenye ilitengenezwa nayo), tarehe ya kuisha. Farmasi moja, jina naacha, ilituletea plaketi zenye kukatwa na makasi, bila boati, na kipande yenye tarehe haionekani fasi. Tukarudisha. Muuzishaji akaweka piracetami mu kaunta, anasema ‘mama, chukua iyi, ni ile ile, yote ni ya akili’. Si ile ile. Piracetami inauzishwa sana huku kwetu kwa batoto ya mitihani na kwa bazee, ila kwa Alzheimer haikuonyesha faida yenye kuaminika. Ginkgo, ile dawa ya majani, pia, kama mufuko yako inauma acha. Tena nunua boati inayofuata wakati ile ya kwanza iko bado nusu, juu mupaka ukifungwa siku kidogo bei inapanda na dawa inakatika, na iyi dawa kukatika-katika ni feza ya kutupa.

Mudogo yetu eko Ufaransa na alipiga simu akisema mama yangu, huku bamekataa ile dawa, munakulisha papa kintu yenye bazungu balitupa. Haiko vile. Tarehe 1 mwezi wa 8, 2018, Ufaransa iliacha kurudishia bantu feza ya dawa ine za Alzheimer, donepezili, galantamini, rivastigmini na memantini, juu ilihukumu faida ni kidogo mbele ya athari. Kuipiga marufuku, hapana, munganga wa kule anaweza bado kuiandika, mugonjwa analipa mwenyewe. Na Uingereza, ofisi yao ya kushauri, NICE, inaendelea kukubali donepezili kwa ugonjwa ya mwanzo mpaka ya katikati. Utafiti ni ule ule, hukumu ni mbili. Kwa shiye benye hakuna mwenye kuturudishia hata franka moja, naona Bafaransa baliuliza swali yenye inatuhusu kuliko inavyobahusu: ile feza ingefanya nini ingine? Na jibu yangu ni iyi, mutanisamehe: kama feza inatosha paka kintu moja, kati ya donepezili na muntu ya kukaa na muzee mchana wakati muko ku kazi, lipa muntu. Dawa haimurudishe muzee mwenye ametoka akapotea upande ya Ruashi. Kama feza inatosha zote mbili, jaribu dawa.

Juu ya zile video za WhatsApp ‘dawa ya Alzheimer imepatikana’: kuna mpya kweli, lecanemabu ilikubaliwa Marekani mu 2023, donanemabu mu 2024, zinatolea ubongo ile uchafu ya amiloidi na zinachelewesha ugonjwa kidogo kwa bale beko mwanzoni kabisa. Kwa kawaida ni za kuingiza ku mushipa, zinaomba irm (picha ya ubongo) mara na mara juu ubongo inaweza kuvimba ao kutoka damu. Kwa papa yetu na kwa mufuko yetu, tuendelee na hadisi ingine.

Kama donepezili imekataa tumbo, kuna rivastigmini ya kubandika ku ngozi, inasumbua tumbo kidogo kuliko ya kumeza. Memantini ni jamii ingine, inaandikwa wakati ugonjwa imeshakuwa ya katikati ao kali, na inaweza kutembea pamoja na donepezili. Kwa muzee mwenye kutema komprime kuna donepezili ya kuyeyuka mu kinywa, ile tungeipenda kweli, siku zingine papa anaficha komprime mu shavu anakuangalia macho wazi kabisa.

Sasa eko ku 10 mg. Yaya mwanaume anasema tuiache, bei imepanda na papa anazidi kusahau, yote mbili ni kweli. Dada anasema tungoje dokta apime, juu alituambia ukiiacha, faida kidogo yenye ilikuwepo inaisha mu wiki kadhaa (mu utafiti kisha wiki 6 bila dawa bantu balikuwa wamefikia fasi moja na bale ya komprime ya bure), na kama tunaiacha ishushwe kwanza ku 5 na tuangalie ile karatasi ya friji. Konsultasio ni mwisho ya mwezi, yaya amekubali kulipa, na amesema hii ya mwisho, kama kila mara.